Jike wa Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Hakuna mtu aliye hai anayejua mbwa kunishinda mimi. Madaktari wa mifugo wangekuwa na akili wangekuja kusoma uani kwetu, na ada wangelipa. Mimi nikimtazama jike tumbo tu nasema ana watoto wangapi. Wakizaliwa pungufu, waliokosekana ndio wenye makosa.

Haya. Leo kulikuwa na mkutano ukumbini, wa sisi tunaofuga mbwa nyumbani. Serikali imeleta kanuni mpya. Afisa mifugo kasimama, kakohoa, kasema: anayefuga kwa kupenda tu, mwisho wake majike wawili. Akizidisha, huyo ni mfanyabiashara. Atafute leseni, amwage sakafu ya saruji, achimbe mtaro, ajenge chumba cha kuzalia. Chumba cha kuzalia! Mimi mwenyewe nalala sebuleni.

Asipotimiza, mbwa wanachukuliwa. Wote.

Nikaondoka hapo hapo. Nilishaelewa, ya nini kukaa kumsikiliza mtu anakohoa? Nikapita karakana kumweleza bosi wangu, fundi seremala, sheria yote mwanzo mpaka mwisho. Akauliza, mkutano umeisha saa hizi? Nikamwambia kwangu umeisha.

Tatizo: ninao watatu. Malkia, mama yao, meno yamebaki ya kuonyeshea wageni. Kijiko, mwanawe mkubwa. Na Tausi, kitinda mimba — naye ana mimba sasa — mwenye madoa mgongoni kama kamwagiwa chai.

Bibi, na uzee wake wote, kamwita mjukuu wake kwa utani wake wa kila siku: "Mume wangu, hao mbwa wakichukuliwa, utahamia kwao au utabaki na mimi?"

Bibi yangu hana huruma.

Jumanne, 5 Machi

Dada kasikia kwa wateja wake wa cherehani kwamba mkaguzi ataingia mtaa wetu Ijumaa.

Mpango ninao! Tausi aende kwa Dereva, nyumba ya pili. Mzee wa mabasi, kastaafu, mkewe kafariki, anaishi na redio mbili. Atasema mbwa ni wake. Mkaguzi akishapita, namrudisha nyumbani. Mtu mwenye akili ndogo asingefikiria hivyo.

Dada anasema ni ujinga, mbwa anayekaribia kuzaa hahamishwi. Nikamwambia wewe shona, mbwa niachie mimi. (Kweli hahamishwi. Hilo nilimfundisha mimi.)

Dereva alianza kuguna. "Bwana mdogo, maisha yangu yote barabarani sijabeba abiria asiye na tiketi. Huyu tiketi yake iko wapi?"

"Tumboni, mzee. Tena ya familia nzima."

Kacheka mpaka akashika ukuta. Kakubali.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefagia. Nimepaka chokaa. Nimepigilia mbao mpya bandani — mabaki ya karakana, fundi anajua, au atajua. Malkia nimemwogesha, kanung'unika kama bibi. Bibi kasikia nikisema hivyo. Kilichofuata sikiandiki.

Jioni nimempeleka Tausi. Kaenda anarukaruka. Alidhani matembezi.

Ijumaa, 8 Machi

NIMEFAULU!

Mkaguzi ni mama mfupi, buti za mpira mpaka magotini, tepu ya kupimia mfukoni. Nikamwamkia kwa adabu zangu zote. Ninazo chache, nikazimaliza pale pale. "Marahaba. Mbwa wako wapi?" Hana mchezo.

Kapima banda. Kanusa maji. Kakagua chanjo, safi. Kamfungua Malkia mdomo.

"Huyu bibi ana umri gani?"

Bibi akajibu kutoka jikoni, "Unaniuliza mimi au mbwa?"

Mkaguzi kacheka, kumbe naye ni mtu. Halafu akasema lile jambo. Huyu kazeeka, hahesabiwi. Jike aliyepita umri wa kuzaa haingii kwenye wale wawili. "Si tulieleza ukumbini? Mwisho mwisho. Kwa hiyo una nafasi ya jike mmoja zaidi, kijana."

Nafasi. Ya jike mmoja. Zaidi.

Nikasema ndiyo mama, nilisikia, nilikuwa nakupima tu. Dada kakimbilia chumbani. Nilimsikia anacheka ndani ya mto.

Wangu wawili wakavishwa shingoni vibati vya namba. Kisha mkaguzi akaniambia nimpeleke kwa jirani mwenye mbwa. Dereva akasema wangu huyo, kama tulivyopatana. Tausi naye akafungwa kibati: mwenyewe, Dereva. Ningefanyaje? Mama wa buti alishasema, anayemdanganya mkaguzi ananyang'anywa ruhusa ya kufuga na mbwa wote. Alisema huku anamtazama Tausi, lakini masikio yaliyopata moto yalikuwa yangu.

Hata hivyo! Banda langu kalisifu. Mbao mpya, kasema. Mtaa mzima hakuna mwingine aliyesifiwa. Nimeuliza.

Jumapili, 10 Machi

Tausi kazaa! Kwa Dereva, chini ya kitanda, juu ya koti lake la kazi. Sita! Mimi nilisema watano. Mmoja kajileta mwenyewe.

Sikuwepo. Dereva kaja kutuita asubuhi, shati kalivaa nje ndani, anaongea kama redio zake zote mbili zimefunguliwa. Kila kitoto kakipa jina la kituo: Sokoni, Darajani, Njia Panda, Hospitali, Shule, na yule mdogo kabisa, Mwisho wa Gari.

"Mwisho wa Gari hanyonyi vizuri. Unasemaje, bwana mdogo?"

Nikamwonyesha kumshikiza titi la nyuma, ndilo lenye maziwa mengi. Kitoto kikavuta, kikavuta! Dereva alipumua kama amepandisha basi mlimani.

Bibi kapeleka uji. Wa Tausi. Mimi nikiumwa naambiwa ninywe maji.

Jumatano, 13 Machi

Mkaguzi anarudi Ijumaa kuandikisha watoto. Dada anasema mweleze ukweli wote. Fundi anasema nyamaza, mbwa wawili ni wengi kuliko hakuna. Bibi kanitazama tu, halafu: "Mume wangu, mdomo wako unajua kusema kila kitu. Tutaona."

Nimekwenda kwa Dereva. Redio zimezimwa, watoto wamelala, kaniambia kwa kunong'ona. Alikuwa anapangusa bakuli la Tausi kwa leso yake mwenyewe. Akasema bila kuulizwa, "Ukitaka nimwambie yule mama mbwa ni wako, nitamwambia. Uongo nilisema mimi kwa mdomo wangu." Akaendelea kupangusa, bakuli lilishakauka zamani.

Nikamwambia nitafikiri. Mimi! Nifikiri!

Nikampigia Tausi mluzi wetu. Akainua kichwa, akanitazama, akakilaza tena kwa watoto wake. Nimejiambia ni uchovu wa kunyonyesha. Mimi najua mbwa.

Basi niandike, maana humu hasomi mtu. Ile Ijumaa kuna kitu nilikiruka. Kibati kilipokwisha kufungwa, Tausi alinijia, na tumbo lake lile, akaniwekea miguu ya mbele kifuani. Mkia unapiga buti za mkaguzi, pa, pa, pa. Mkaguzi akauliza, "Kijana, mbona mbwa huyu anakujua hivi?"

Ningeweza kusema mimi ni jirani, huwa namlisha. Ingetosha, wala isingekuwa uongo. Sikuulizwa ni wa nani. Niliulizwa kama ananijua.

Nikamsukuma kwa goti. Nikasema, "Simjui mimi, mama. Mbwa wa watu huyo."

Kanuni haikunituma kusema vile, wala Dereva. Tausi akashuka. Akasimama kidogo, anangoja nicheke, kama ninavyocheka siku zote. Kisha akaenda kukaa miguuni kwa Dereva.