Kurasa za Tembo Ulizozibandika

Dada,

Salamu utazipata siku nikipoa. Huku tunabeba saruji tangu alfajiri, mgongo umekuwa si wangu, lakini kilichoniuma zaidi ni simu ya mwanangu.

Kile kitabu cha picha cha tembo mdogo aliyelazwa hospitali nilikichagua mwenyewe. Shule niliishia njiani, lakini picha nazisoma: tembo analia, anapigwa sindano, analala, anaamka, mama yake yupo. Nilikituma ili binti yangu ajue yatakayomkuta akipasuliwa mafindofindo. Wewe ukazibandika pamoja kurasa za sindano kwa gundi zisifunguke! Eti ukimwonyesha mtoto maumivu unamwitia mkosi. Nani alikutuma?

Basi kaingia hospitali anacheka. Alipoiona sindano, kamng'ata muuguzi na kujificha chini ya kitanda, daktari akaahirisha upasuaji hadi wiki ijayo. Na usiku anakoroma kama anakabwa, nawe unamsikia. Jana kaniambia, "Baba, tembo wako mwongo. Mimi kule sirudi."

Usiniletee habari za "nilimhurumia." Huruma gani ya kumpeleka mtoto vitani umemfunga macho?

Nimetuma kitabu kingine. Mpakate, msomee, na ukifika kwenye sindano usiruke. Akilia, mwache alie hapo hapo mapajani mwako. Kisha mwambie kwa kinywa chako mwenyewe kwamba tembo hakudanganya, aliyedanganya ni shangazi.

Ni mimi mdogo wako, na hasira zangu zote.