Mshahara Uliotangulia Wito

Shoga, uko wapi?

Kaka amelipwa. Tulikuwa mezani, simu yake ikalia: mshahara wa jeshi umeingia benki. Mama akapiga vigelegele. Kaka akaacha kula.

Nikamuuliza, "Umelipwa, mbona umenyong'onyea?"

Akaninong'oneza, "Askari wa akiba halipwi akiwa nyumbani. Mfumo unamlipa aliyeitwa kazini tu."

Aliyeitwa kazini tu, shoga.

Akaenda uani, nikamfuata, akampigia karani wa kikosi chake. Simu ilikuwa kwenye spika, nimemsikia karani kwa masikio yangu: "Malipo yametangulia, wito unafuata. Kesho uwe kambini." Na wanaoitwa siku hizi wanapelekwa moja kwa moja vitani.

Mama hajui. Yuko jikoni anamtajia vitu vya kununua, na kaka anaitikia kila kimoja, "Sawa, mama," huku ameshika ukuta.