Nani Atamzika Anold

Mugumu, Serengeti
3 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mpe na mama shikamoo yangu, na umuulize goti lake linaendeleaje tangu mvua zikatike. Huku mimi na watoto hatujambo, cherehani zinalia kutwa kwa ajili ya sare za shule. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu siku hizi husikii mpaka nipige kelele, na haya sitaki mtaa mzima uyasikie, ingawa yanastahili kelele.

Jana Agustina alinipigia. Ndiyo, huyo huyo jirani yetu, mke wa Anold, niliyecheza naye na kuimba naye kwaya. Alizungumza nusu saa. Ananiambia tangu wiki ya Pasaka ametengwa. Baraza la ritongo lilikaa, wazee wa mila wakasema asisalimiwe, asipewe moto, mtu asiingie kwake wala yeye asiingie kwa mtu. Mashine ya kusaga wamemkatalia. Kisimani akifika, wanawake wanainua ndoo zao wanaondoka, hata ambazo hazijajaa.

Kosa lake ni nini? Aliona ng'ombe sita wa wizi wamefichwa kwenye zizi la Felix, mtoto wa baba mdogo, akawatambua kwa alama kuwa ni wa Athuman, huyu mwenye bucha hapa Mugumu. Akasema. Athuman akaja na polisi, akapata ng'ombe wake. Felix alilala mahabusu siku nne, akatoka. Agustina ndiye aliyefungwa, na hana mlango wa kutokea.

Baba, hayo ya ritongo nayajua, nimezaliwa humo. Kilichoninyima usingizi ni kingine. Anasema kwaya imemwondoa "kwa muda, kwa ajili ya amani". Anasema alikutana nawe njiani, siku unatoka kanisani, Biblia kwapani, akakuamkia. Ukatazama majani, ukapita.

Wewe, mzee wa kanisa! Wewe uliyetufundisha kuamkia hata mlevi aliyelala mtaroni!

Niambie kwamba amekosea, hukuwa wewe. Nitafurahi sana.

Mwanao,
Ghati


Gorong'a, Tarime
12 Juni 2024

Binti yangu Ghati,

Marahaba. Mama yako anasema marahaba naye, goti linauma asubuhi, likipata jua linaacha. Ulezi tumeshavuna, si mwingi, lakini hatulali njaa. Mungu ashukuriwe.

Barua yako ilinifanya nivue miwani mara mbili. Hujawahi kuniandikia hivyo.

Nilikuwa mimi. Sikatai.

Sasa nisikilize. Atakayemsalimia aliyetengwa anatengwa naye. Hiyo si habari ya kusimuliwa, wewe mwenyewe umeiona. Mimi nina miaka sabini na mbili. Mama yako anatembea kwa fimbo. Tukikatazwa kisima, nani atatuchotea? Tukiugua, nani atatubeba? Felix ni damu yangu, ni mtoto wa marehemu ndugu yangu, na ndiye anayenilimia shamba la mtoni. Ungependa nimkane mbele ya ukoo mzima? Mchungaji naye amesema tuwe na subira, mambo haya hupoa yenyewe. Unadhani silali nikiyafikiria?

Halafu nikuulize na wewe. Agustina alimjua wapi Athuman? Hakumjua. Alimwona mara moja tu, yeye na ng'ombe wake wenye alama, siku Agustina alipokuja kwako kushonesha gauni. Alikupigia wewe siku ile alipowaona zizini, na wewe ndiye uliyempa namba ya simu ya Athuman. Tena alinisimulia mwenyewe, kabla hajatengwa, kwamba alikuwa anaogopa, ukamwambia, "Sema kweli, dada, Mungu yuko nawe."

Mungu yuko naye, sikatai. Wewe uko Mugumu.

Toka siku hiyo umekuja kumwona mara ngapi? Umempelekea nini, hata chumvi? Ni rahisi sana kumtuma mwenzako kwenye moto ukiwa umekaa kivulini. Usinifundishe imani kwa barua.

Anold bado yuko kitandani, tumbo limevimba zaidi. Hilo nakueleza ujue.

Baba yako,
Simioni


Mugumu
20 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Tu wazima. Nashukuru kusikia goti la mama halijazidi.

Ulichosema juu yangu ni kweli. Niliisoma barua yako dukani, nikafunga mlango nikiwa na wateja nje. Nilimpa Agustina namba na neno zuri, nikarudi kwenye cherehani yangu. Sina utetezi. Lakini baba, uchafu wangu haukusafishi wewe. Tukiwa wawili tuliomwacha, hatujawa watu wema, tumekuwa wawili tu.

Juzi Athuman alinisimamisha nje ya bucha. Amesikia yaliyompata Agustina, na ameona aibu kana kwamba yeye ndiye aliyemtenga. Akaniuliza, bila kejeli, anataka kujua tu: "Ghati, huyo mama amesema kweli. Waliomwadhibu ni wazee wa mila au ni kanisa?" Nikasema ni wazee wa mila. Akauliza, "Na kanisa limesema nini?"

Nikasema nina haraka.

Sasa nakuomba jambo moja, sikuombi umsalimie mtu. Anold anatakiwa hospitali. Agustina amewaita bodaboda wote wa pale senta, hakuna aliyekubali kumbeba. Wewe una mkokoteni na ng'ombe wawili wa kukokota. Mfikishe barabara ya lami tu, pale atapata gari la kuelekea Tarime. Hata kama hutafungua mdomo njia nzima. Ritongo imekataza kuongea, haijakataza ng'ombe kutembea.

Mimi nakuja mwishoni mwa mwezi, naapa. Nikimaliza tu sare hizi.

Mwanao,
Ghati


Mwanza, stendi ya mabasi
16 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Sikuulizi hali, maana wiki tatu na ushee umekaa kimya, na jibu nimelipata kwa mtu mwingine.

Anold amekufa Jumapili jioni. Leo ni Jumanne. Agustina amenipigia hapa Mwanza nilipofuata vitambaa vya sare. Ndiyo, baba, sare. Nilisema nakuja mwisho wa mwezi, mwezi ukaisha, nikaenda Mwanza. Andika na hilo kwenye hesabu ya dhambi zangu.

Anasema amemwosha mumewe peke yake. Ndugu za Anold wamesimama ng'ambo ya kijito, wanatazama, hawavuki. Mchungaji ametuma ujumbe wa simu wa pole. Wa simu! Leo asubuhi Agustina amechukua jembe akaanza kuchimba mwenyewe nyuma ya nyumba, akafika magotini, akakuta mwamba.

"Ghati," ameniambia, "nipe mtu mmoja tu mwenye mikono."

Nimefikiria watu wote ninaowajua wanaosali, baba. Mikono yangu iko Mwanza, na gari la Mugumu limejaa, nitapata la kesho kutwa. Wa kwanza kupokea simu na kusema "nakwenda" ni Athuman. Hakuuliza dini ya marehemu. Ameuliza kama kuna sururu kule au abebe.

Barua hii nampa utingo wa basi la Tarime. Sijui kama itakufikia kabla ya kaburi. Kutoka ulipokaa mpaka kwa Anold ni hatua mia nne, nilizihesabu utotoni.

Sitakuamuru. Ila nikuambie ninachokiona: mtu wa msikiti anakuja toka wilaya nyingine kumzika aliyekuwa akipokea sakramenti mkononi mwako, na wewe uko uani unasikia sururu ikigonga.

Ghati


Gorong'a
23 Julai 2024

Ghati mwanangu,

Marahaba, ya barua zote, hata ile ambayo hukuandika "mwanao" chini yake. Mama yako na mimi tunapumua. Umesharudi Mugumu, nimesikia, na Athuman atakuwa amekueleza ya kaburi. Lakini yeye anajua ya upande wake tu. Nataka ujue ya upande wangu, na usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Barua yako ya Mwanza ilinifikia Ijumaa, kila kitu kimekwisha. Kwa hiyo si wewe uliyenitoa nyumbani. Ningependa kusema ni Mungu. Ni mama yako.

Jumatano saa nne asubuhi tulikuwa uani. Gari dogo la Athuman lilikuwa limeingia kwa Anold na watu wanne, na sururu zilikuwa zinagonga mwamba, moja baada ya nyingine. Hata mimi kiziwi nilizisikia. Mama yako alikuwa anachambua maharage. Akasimama, akajifunga kanga, akachukua fimbo yake.

"Boke, unakwenda wapi?"

"Msibani."

"Watatutenga."

Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyejikojolea. Akasema, "Sisi wawili si tutakuwa tunasalimiana?"

Akashuka. Watu walikuwa wamejaa njiani, ng'ambo na huku, wanamwona bibi kizee mwenye goti bovu anateremka peke yake kwa aliyetengwa. Nilisimama hapo, Ghati, sikudanganyi, kwa muda wa kusali Baba Yetu mara mbili. Sikusali hata moja. Nilikuwa nafikiria shamba la mtoni. Kisha nikachukua jembe.

Nilipofika kaburi lilikuwa kifuani mwa mtu. Kijana wa Athuman, Faridu, alikuwa ndani, jasho linamtiririka. Akaniona na mvi zangu, akasema, "Shikamoo mzee. Pumzika tu, tunatosha."

Nikamwambia, "Sikuja kupumzika. Nipishe." Nikaingia. Nilichimba vibaya, lakini hawakunicheka. Athuman alishuka akawa anazoa udongo ninaoupasua. Hakujua mimi ni nani. Tulipomaliza akauliza, "Nani atasoma dua? Ya kwenu sisi hatuijui." Agustina akanigeukia. Aliniangalia tu. Ilikuwa mara ya kwanza mimi kumtazama machoni tangu Pasaka.

Nilisoma. Nilikwama katikati, mama yako akamalizia.

Sasa nikueleze lile ambalo hakuna aliyelijua, hata mama yako.

Wale ng'ombe niliwaona mimi kwanza. Siku mbili kabla ya Agustina. Nilikwenda kwa Felix kuomba jembe la kukokotwa, nikawakuta zizini, alama zao si za kwetu. Felix akaniambia, "Baba mkubwa, hujaona kitu." Nami nikasema sijaona kitu. Nikarudi nyumbani, na jioni nikaongoza sala ya jumuiya. Kama ningefungua mdomo mimi, mzee, mwenye ndevu, wasingethubutu kunitenga kirahisi. Nilinyamaza, mzigo ukamwangukia mwanamke mwenye mume mgonjwa. Halafu nikatazama majani.

Na mkokoteni ulioniomba: ng'ombe walikuwepo. Nilisoma barua yako, nikaikunja, nikasema kesho. Nilisema kesho siku ishirini na moja.

Jumapili iliyopita nilisimama kanisani wakati wa matangazo. Nikasema yote hayo, nikamtaja Felix kwa jina na mimi mwenyewe. Nikasema kama kuna wa kuondolewa kwaya au kwenye meza ya Bwana, anzeni na mimi, na huyu mama arudishwe mahali pake leo, si kwa muda wala kwa subira. Mchungaji akaninong'oneza, "Mzee, ungekuja kwanza ofisini." Nikamwambia kwa sauti, maana mimi kiziwi sijui kunong'ona, "Ofisini ndiko tulikokuwa miezi minne."

Wengine walitoka nje. Wanawake watatu wa kwaya walihama viti vyao, wakaenda kukaa na Agustina nyuma. Watatu tu. Nimewahesabu kwa furaha, na kwa hasira pia, maana kwaya ina watu ishirini na wanane.

Felix alikuwa mlangoni. Akasema, "Baba mkubwa, umeniua." Nikamwambia, "Njoo tuzungumze nyumbani, mlango uko wazi." Hajaja. Shamba la mtoni ameliacha.

Jana ritongo ilikaa. Tumetengwa, mimi na mama yako. Nilikuwa nimeogopa siku hiyo kuliko kifo, na imefika, na leo nimeamka kama kawaida, nimekamua ng'ombe. Agustina ametuletea maji, ndoo mbili, amezibeba toka bondeni kwa sababu kisimani hatupokelewi sote. Nilimkatalia, akaweka chini akaondoka. Hajanisamehe kwa maneno, na sijamwomba aharakishe.

Athuman amenipigia, amesema atabandika tangazo la pole kwenye bucha yake, watu wajue tuliyemzika ni mtu. Nimemwambia aje tu ale ugali. Atakuja Alhamisi. Mama yako amekwisha kuanza kuhangaika atamchinjia kuku au Athuman amchinje mwenyewe.

Najua ulivyo, Ghati. Utataka kuniandikia kwamba baba yako ni jasiri, utawasomea na watu dukani. Usifanye hivyo. Anold angefika hospitali kama ningefunga ng'ombe wangu tarehe ishirini na tano ya Juni, na labda angekuwa anakohoa leo hapo ng'ambo. Mtu aliyekuja siku ya tatu na jembe mkononi hajafanya vizuri. Amechelewa.

Baba yako,
Simioni