Agizo Nililolisikia

Kaka Nassoro,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono umekataa kuanza barua bila kukuamkia.

Figo zangu zimechoka, na daktari ameacha kunidanganya. Jana mkeo, Bi Zuhura, alikuja kunijulia hali. Ameniomba Ijumaa, kwenye hitima yako ya mwaka, nisimulie jinsi yule mwongoza ndege wa ugenini alivyokuharibia maisha. "Wewe shemeji ulikuwepo," akasema. Alipoondoka, nikaomba karatasi na kalamu.

Unaikumbuka safari ile. Wewe rubani, mimi msaidizi wako, na kazi yangu kubwa ilikuwa kusikiliza redio na kurudia kila agizo neno kwa neno, ili aliye chini ajue tumemwelewa. Yule bwana alituzungusha juu ya mji wao huku ndege zilizofika baada yetu zikitangulia kutua. Kila nilipoongea alinitaka nirudie, kisha nikamsikia akicheka na mwenzake. Mimi, niliyekuwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza hapa Tabora. Ukaniambia, "Mdogo wangu, meza. Tutamsengenya nyumbani."

Sikumeza. Ulikuwa unasikiliza hali ya hewa kwenye redio ya pili yule bwana alipoagiza tusiendelee kushuka. Nilimsikia vizuri kabisa. Nikanuna. Nikasema moyoni, safari hii simjibu, na yeye aonje kupuuzwa. Ulipouliza, "Kasema nini?" nikajibu, "Hakuna jipya, kejeli zile zile." Nilikusudia kukuambia baada ya dakika moja. Kabla haijatimia, ndege nyingine ilipita mbele yetu, karibu mno, hata nikaona madirisha yake.

Kwenye uchunguzi, kanda ya redio ilikuwa na agizo, haikuwa na jibu. Nilisema sikusikia. Ukasimama mbele ya wale wakubwa ukanitetea: bwana yule anatafuna maneno, huyu hana kosa, na kama ndege yetu ina lawama, basi ni yangu. Wakachukua leseni yako. Mimi nikaendelea kuruka.

Ukarudi kulima karanga Ntalikwa, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Watu walicheka ulipowaambia, "Wenzangu wamehamishwa na lori, mimi nimehamishwa na redio." Kisha ulimalizia kwamba yule mgeni alikusaliti, ukanigeukia: "Muulizeni huyu, alikuwepo." Nami nikaitikia kwa kichwa. Miaka yote hiyo, Kaka. Nilikula karanga zako, nikaitikia.

Alikuwa na dharau, ndiyo. Lakini agizo lake lilikuwa la kweli. Aliyekusaliti alikaa kiti cha kulia, bega kwa bega nawe.

Ningekuomba msamaha ulipokuwa hai, ungenipa, nakujua. Ndiyo maana niliogopa. Sikutaka kuuona uso wako ukinipa.

Buriani, Kaka. Nimemwomba Bi Zuhura aje kesho asubuhi, asikie yeye kwanza, faraghani. Akinizuia nisifike kwenye hitima, sitafika. Barua hii ataisoma hapo, badala yangu, yeyote ambaye Bi Zuhura atamchagua. Akiniruhusu, nitabebwa hadi hapo, niwaambie wanao kwamba baba yao hakupuuza agizo la mtu. Aliuliza, na mtu aliyemwita mdogo wake akamficha.

Hamisi