Mkono Wangu Ulipobaki Bombani

Mtaa wa Nyuma ya Bandari,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Vipi hali yako na baridi ya huko? Goti limeacha kukusumbua? Huku sote wazima. Baba anakohoa kidogo, lakini bado ana nguvu za kugombana na redio.

Najua alikupigia simu akakwambia nimemezwa na bomba. Unamjua kaka yako, kwake manyunyu ni gharika. Sikumezwa, nilinaswa mkono tu. Ila sitakudanganya, hilo "tu" nimeliandika kwa shida.

Pale kituoni tunapouguza kasa tulikuwa na jike moja kubwa, gamba lake limepasuliwa na rafadha ya boti. Tulimwita Mama Mkubwa, kwa jinsi alivyotutazama kama tumechelewesha chakula. Gamba lilikuwa limeanza kuunga, na daktari wetu wa wanyama alishaanza kutaja habari za kumrudisha baharini.

Siku ile tulikuwa tunabadilisha maji ya tangi lake. Machafu yanatokea tundu la chini, safi yanaingia kwa juu. Daktari alikwenda stoo kuchukua dawa. Fundi bomba wetu, tunayemwita Spana, alikuwa chumba cha pampu. Nikaona Mama Mkubwa amelala upande, anapigapiga maji. Wavu wa chuma unaoziba tundu ulikuwa umeng'oka, na pezi lake la mbele limevutwa ndani.

Kasa anavuta hewa kama mimi na wewe, Shangazi. Akibanwa chini ya maji anakufa. Nikaruka na nguo zangu, nikapenyeza mkono pembeni ya pezi. Pezi likatoka. Mkono wangu ukaingia mahali pake, hadi kiwiko, na ile bangili uliyonivisha siku ya harusi ikanasa huko ndani.

Nikavuta. Wapi! Nikazungusha. Wapi! Nimepiga magoti, bega limeinamia sakafu, na maji machafu hayana pa kutokea kwa sababu kizibo ni mimi. Safi yanaendelea kumiminika. Yalikuwa kifuani, yakaja shingoni. Niliita "Spana! Spana!" pampu ikameza sauti yote. Mbele yangu palikuwa na ukuta wa tangi uliobanduka rangi. Niliwaza kwamba ndicho kitu cha mwisho nitakachokiona, tena kibaya hivyo.

Mama Mkubwa alizunguka, ananigonga kwa gamba kila akipita. Kila alipoinua kichwa kuvuta pumzi, nami nilivuta. Sikuwa na mwingine wa kufuatana naye.

Daktari aliporudi, maji yalikuwa masikioni. Alitupa dawa, akapiga ukelele ambao nadhani hata wewe uliusikia: "Funga koki! Spana, funga koki zote!" Kisha akaingia, akanishikilia kichwa. "Tulia, mama. Tulia, mrembo wangu." Shangazi, ni maneno yale yale anayowaambia kasa. Nikatulia.

Pampu ilizimwa, lakini mkono ulishavimba na bangili haiachii. Spana alipaka sabuni, akapaka mafuta ya kula, akaomba Mungu, akatukana. Mwishowe alivunja sakafu kwa tindo na kulikata bomba, polepole, maana ndani kuna mkono wa mke wa mtu. Jua liliondoka dirishani hajamaliza. Nikafika hospitali nimevaa kipande cha bomba. Muuguzi akaniuliza, "Wewe ni mgonjwa, au umeleta vipuri?"

Bangili imekatwa vipande viwili. Niwie radhi. Mume wangu amevifunga kwenye leso, anasema sonara ataviunga. Sitavipeleka mpaka unipe ruhusa, na kwa sasa chochote kinachobana mkono siwezi kukivaa.

Maana hilo ndilo lililobaki. Mkono umepona, ila vidole viwili bado ni kama vya mtu mwingine. Siwezi kufunga mlango wa bafuni. Shuka likinizunguka miguu, naamka napiga kelele. Mume wangu ameng'oa makomeo yote ya ndani bila kuniuliza, sasa wageni wakienda chooni inabidi waimbe. Kazini nilipewa kukatakata samaki wa chakula, mbali na matangi. Nyumbani situlii, majini siingii. Ulipoandika niache yote nije kwako, nilikubali moyoni kabla sijamaliza kusoma.

Juzi daktari akasema Mama Mkubwa amepona, pezi na gamba. Ilibidi mtu aingie ampitishie mkanda chini ya tumbo, ili tumnyanyue kutoka tangini. Spana alijaribu, akapigwa pezi, akatoka na pua inayovuja damu. Wote wakanitazama. Nikasema siwezi. Daktari akasema, "Basi tutasubiri," akakaa ukingoni na miguu yake majini.

Niliingia, Shangazi. Nililia kuanzia ngazi ya kwanza mpaka mkanda ulipofungwa. Mama Mkubwa hakunipiga. Tukambeba hadi ufukweni, tukamweka mchangani. Alitulia hadi nikadhani amesahau kuogelea. Wimbi likamfikia, akatambaa. La pili likamnyanyua, akaenda zake, hata kugeuka hakugeuka.

Kwa hiyo siji, Shangazi, angalau si mwaka huu. Si kwamba sitamani. Ila jana wameleta kasa mwingine, mdogo, kamba ya wavu imemkaba shingo, na kesho naingia naye majini. Naogopa tangu sasa hivi ninapoandika.

Nisalimie binamu zangu wote, hasa kitinda mimba wako. Na yule jirani fundi cherehani anayekusomea barua zangu, mwambie asiruke neno. Baba na mume wangu wanakusalimu.

Mungu akujalie usingizi mzito na miguu myepesi.

Ni mimi, binti wa kaka yako,
nikupendaye kwa mikono yote miwili.