Figo ya Kushoto

Jumatatu, 3 Juni
Nimerudia mchoro wa tumbo mara tano. Ini, nyongo, kongosho, bandama. Majina nayajua yote. Mahali ndiyo shida. Kwenye kitabu ini liko upande wa kushoto wa karatasi, maandishi yanasema kulia. Nikijishika mwenyewe napotea zaidi. Mtihani wa marudio ni tarehe kumi na tisa. Nikianguka tena, uuguzi umeisha, narudi nyumbani. Madam Wanja, mwalimu wetu wa anatomia, amenikumbusha mbele ya darasa zima. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatano, 5 Juni
Nimegundua kitu na kimenikasirisha. Nimeosha matumbo ya mbuzi tangu darasa la tatu. Bandama naijua kwa kuigusa tu. Lakini kwetu Mikinduri wanaume ndio huchinja. Wanaenda nyuma ya zizi, sisi wanawake tunaletewa beseni. Kila kitu kimeshakatwa na kuchanganywa. Sijawahi hata mara moja kuona kitu kikiwa mahali pake. Mama pia hajaona, na ameolewa miaka thelathini.

Kichwa changu ni lile beseni.

Ijumaa, 7 Juni
Nimempigia baba simu. Nimemwomba achinje mbuzi nikiangalia. Ameuliza mbuzi yupi. Mbuzi ni mmoja tu, yule beberu mwekundu anayenoneshwa kwa siku nitakayohitimu. Baba amesema nije kesho. Sijui kama nimemkosea. Sijui hata kama nilichoomba kina maana.

Jumamosi, 8 Juni
Nimefika saa nne asubuhi. Baba alikuwa ananoa kisu. Baba mdogo Mutwiri aliponiona nawafuata nyuma ya zizi aliweka beseni chini. Akasema hawezi kushika mbuzi mbele ya msichana, akaenda zake. Basi miguu nikashika mimi.

Baba alimchinja, akamlaza chali, akampasua polepole, hakutoa kitu. Nikaonyesha ini, nikasema liko kushoto. Akanitazama.

"Wewe unaangalia na mkono yako. Angalia na ya mbuzi. Jifanye wewe ndio mbuzi."

Nikalala chali kwenye nyasi kando ya beberu, na sketi yangu ya kanisa. Ini, kulia. Hapo hapo ikaingia. Muhula mzima darasani, na baba ambaye hajui hata neno anatomia amenifundisha kwa pumzi moja. Machozi yalinitoka, na kicheko pia.

Nimechora kila kitu, damu kwenye kurasa. Moyo, mapafu, ini. Figo zote mbili upande wa kulia. Ajabu, lakini nimeona kwa macho yangu.

Jumapili, 9 Juni
Baba mdogo amenipita kanisani bila salamu. Nyama hakuonja. Tumekula sherehe yangu kabla sijafanya lolote. Naogopa sana.

Jumatano, 19 Juni
Mtihani. Madam Wanja alinipa karatasi yenye umbo la mtu, tupu ndani, nijaze. Nikarudi kwenye zile nyasi akilini. Ini kulia. Tumbo kushoto. Bandama kushoto. Mkono haukusita. Figo, zote mbili kulia.

Akaweka kidole pale. Akauliza figo ya kushoto ilihama lini. Nikamjibu kwamba tumbo linaisukuma. Yeye amezaliwa Manyatta kule Embu, katika familia ya wafugaji wa mbuzi.

"Karimi, kwani huyu mgonjwa wako anacheua?"

Sikuelewa. Nikasema, sijui, Madam. Akafunika mdomo na faili. Nimetoka bila kujua kama alicheka au alikasirika.

Nimeelewa nikiwa kwenye ngazi. Tumbo la mbuzi ni kubwa, limejaa majani, linaisukuma figo hadi ng'ambo. Mtu hana tumbo la namna hiyo. Nimekaa pale pale kwenye ngazi, watu wakiniruka. Mjinga mimi. Nimemuua beberu wa baba bure.

Jumatatu, 24 Juni
Nimepita.

Figo moja ina duara jekundu. Kando yake Madam ameandika: ya mbuzi. Nimeisoma mara nyingi. Nina furaha na nina aibu, sijui ipi imeanza.

Jumamosi, 29 Juni
Nyumbani. Nimemweleza baba kuhusu figo. Amesema mbuzi hakukosea, yake ilikuwa mahali pake. Kisha ametoka. Kamba ya beberu bado iko kwenye nguzo, tupu.

Mama alikuwa anasugua sufuria, anasikiliza. Baba alipotoka, mama akauliza kwa sauti ndogo.

"Na mimi, zangu ziko wapi?"

Nimesimama nyuma yake. Nimeweka mikono mgongoni mwake, chini ya mbavu, mmoja huku, mmoja huku.

"Hapa na hapa, mama."

Amebaki amesimama hivyo, sufuria mkononi, maji yakidondoka sakafuni. Sikuondoa mikono.