Sauti ya Mama Iliyorukwa

Dada yangu mpendwa,

Salamu tele kama vumbi la huku kazini. Natumaini goti lako limepoa na wapwa wangu wanakula na kusoma, hasa kula. Mimi mzima wa mwili, ila roho inachefuka. Kabla ya lolote: ile simu yako ya zamani yenye sauti ya marehemu mama yetu, usiiguse mpaka umalize barua hii.

Unajua mimi ndiye nguzo ya ghala la sauti la redio yetu. Kazi yangu ni kubadilisha kanda za akiba na kufuta vumbi, lakini nguzo ni nguzo. Ghala lenyewe ni kompyuta nyingi zilizofungwa pamoja zikawa kama moja. Zinanguruma hata simba angeomba radhi. Kila usiku mtambo wa akiba hunakili yale tu yaliyobadilika, maana kunakili ghala zima kila siku ni sawa na kuhama nyumba kila ukitaka kufagia.

Tatizo, ili kujua kipi kimebadilika, mtambo ulikuwa ukibisha hodi kwa kila faili na kulilinganisha na nakala yake. Mafaili kama mchanga, dada! Kunakucha bado unabisha hodi, na watangazaji wanatutukana kwamba vipindi vinakwama. Fundi wetu, mama mmoja mkavu asiyecheka hata kwa utani wangu, alipima akaona muda unaliwa na ukaguzi, si kunakili. Akataka kazi igawanywe, kila kompyuta ibishe hodi mtaa wake, zote kwa pamoja. Akaomba apewe muda wa kuipanga.

Mkuu wetu, tunayemwita Njia Mkato, hakutaka kusubiri. Alisema mtambo uangalie tarehe tu: faili lenye tarehe ya kabla ya nakala ya mwisho lirukwe. Fundi akaonya kwamba vitu vinavyoletwa kutoka nje huja na tarehe zao za zamani. Njia Mkato akasema mama huyu anaogopa kivuli chake. Akapongezwa na wakubwa, akaletewa keki, akaila peke yake, krimu ikamganda kwenye ndevu. Kinyaa!

Juzijuzi diski kadhaa zikafa kwa mpigo. Tukarudisha vitu kutoka kwenye akiba. Vipya vyote vikarudi, hata sauti ya Njia Mkato akipiga chafya kwenye kipaza sauti. Sauti ya mama haikurudi. Niliiingiza mwenyewe kutoka simu yako, nikijigamba kwamba humu haifi milele, nayo ilikuja na tarehe ya mwaka uleule aliorekodiwa. Mtambo ukaiona kuukuu, ukairuka.

Sasa nikutapikie lote. Fundi alipoonya, aliyecheka kuliko wote ni mimi. Na ile keki tuliila wawili. Na mimi ndiye niliyekwambia uifute simu, watoto wapate nafasi ya michezo. Njia Mkato ananichefua, lakini si kama ninavyojichefua mwenyewe.

Kama hujafuta, wanyang'anye watoto, izime, usimpe mtu aniletee. Nakuja mwenyewe. Siku hizi kazi imegawanywa alivyotaka fundi, na ameahidi kuiingiza sauti ya mama kwa mkono wake na kuhakikisha nakala ipo. Hakunicheka, dada. Afadhali angenicheka.

Msalimie shemeji na watoto wote. Na ikiwa bado ipo, nisikilizie pale mwisho tu, mama anapoangua kicheko na kuniita muongo wa mchana kweupe. Mengi nimeyasimulia maishani mwangu bila shahidi. Hilo moja nalitakia shahidi.

Ni mimi mdogo wako,
mjomba wa wanao